Kimo Chetu

Wanaonijua hawana haja ya kuelezwa, ila kwa wale ambao hatujajuana bado, mimi ndiye yule ambaye kwenye gwaride huwekwa mbele kabisa kama kizibo cha chupa. Nina umri wa miaka 17 na kimo changu ni sentimita 158. Jina la "Nusu Kilo" nilibandikwa wiki ya kwanza nilipoingia shule hii, nalo limenig'ang'ania kama kupe. Silalamiki. Mwenye jina la utani ni mtu anayejulikana, na wapo wenzangu hapa wana majina ambayo mhariri wetu hawezi kuruhusu yachapwe. Kinachonikereketa ni ile sababu ambayo watu huitoa, tena kwa uhakika kama wa kiapo: "Aa, huyu si ni wa Ganze? Wale ndivyo walivyo. Ni damu."

Basi makala haya yanahusu hiyo damu.

Muhula wa kwanza mwalimu wetu wa Historia alinipa karatasi kadhaa alizozichapa maktabani. Zilikuwa kazi ya mwanauchumi mmoja aitwaye Alexander Moradi, iliyotoka mwaka 2009 katika jarida la historia ya uchumi. Kiingereza chake kilinitoa jasho, nisikufiche. Lakini humo ndani nilikuta jambo ambalo sikuwahi kulisikia tangu nizaliwe: kwamba wapo wasomi ambao kazi yao ni kuandika historia kwa kutumia vimo vya watu. Hawaanzii kwenye mikataba wala hotuba za magavana. Huingia katika makabati ya zamani ya jeshi, ya magereza na ya meli, wakatafuta ile safu iliyoandikwa urefu, wakanakili majina elfu kwa maelfu, halafu wakauliza: waliozaliwa mwaka fulani walikua wakafika wapi, na waliowafuata je? Mmoja wa waanzilishi wa kazi hiyo, Robert Fogel wa Marekani, alipata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1993, pamoja na Douglass North.

Utauliza, kwa nini kimo? Ni kwa sababu maskini wa zamani hakuacha daftari la mshahara wala hati ya benki. Alikula, akafanya kazi, akafa. Lakini mifupa yake ilikuwa ikiandika kila kitu. Mwili wa mtoto ni kama mama mwenye unga kidogo na wageni wengi. Chakula kikiingia, kwanza unahudumia moyo na ubongo, halafu joto la mwili, halafu vita dhidi ya maradhi. Mifupa ni mgeni wa mwisho, hungojea masazo. Mtoto akihara wiki nzima kwa maji machafu, kile alichokula hakikuwa chake. Akianza kubeba mizigo angali mdogo, nguvu ambayo ingemrefusha inaishia begani.

Najua kuna mtu tayari ananyosha mkono aseme kwamba baba mrefu huzaa mtoto mrefu. Kweli. Kwa mtu mmoja mmoja urithi una nguvu sana, na hakuna aliyebisha. Lakini chukua watu elfu kumi wa jamii moja. Warefu wa kuzaliwa na wafupi wa kuzaliwa hukatana, na kinachobaki katika wastani ni utoto wao: walikula nini, waliugua mara ngapi, mama zao walikuwa na hali gani wakiwa waja wazito. Wastani wa kimo ni kama sauti ya umma. Mtu mmoja hasikiki humo, lakini wote pamoja hawawezi kudanganya.

Hebu twende kwanza Uingereza, maana huko hakuna atakayesema ni kabila.

Mwaka 1756 kiliundwa London chama kilichoitwa Marine Society, ambacho kilikuwa kikiwaokota wavulana maskini wa mjini na kuwapeleka kufanya kazi melini. Kila mvulana alipimwa urefu akaandikwa. Upande wa pili palikuwa na chuo cha kijeshi cha Sandhurst, ambako wana wa wakubwa walisomea uafisa, nao pia wakapimwa. Mwanahistoria John Komlos alipoziweka pamoja hesabu za maskini na za matajiri, za mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, aliona kwamba wakifika miaka 16 tofauti yao ilikuwa sentimita 22. Jamani, sentimita 22! Ichukue rula yako ya sentimita 30 uitazame hiyo sehemu. Ni mimi nimesimama kando ya kapteni wetu wa voliboli. Na hawa walikuwa watu wa lugha moja, dini moja, mvua moja na mfalme mmoja. Anayetaka kuniambia habari za damu na anieleze damu ya London iligawanyika katika mtaa gani.

Mwaka 1842 Edwin Chadwick alitoa ripoti yake kuhusu hali ya afya ya watu wa kazi nchini humo. Humo kuna jedwali ambalo nililinakili nikalibandika ndani ya mlango wa sanduku langu, mahali ambapo wenzangu hubandika picha za wachezaji. Katika mji wa Liverpool, umri wa wastani wa kufa kwa mabwana na jamaa zao ulikuwa miaka 35. Wafanyabiashara, miaka 22. Vibarua na jamaa zao, miaka 15. Kule Rutland, ambako ni mashambani, mabwana walifika wastani wa miaka 52, na vibarua 38.

Usikimbilie kufikiri kwamba kibarua wa Liverpool alikufa akiwa na umri wa mwanafunzi wa Kidato cha Pili. Wastani huo uliteremshwa na vifo vya watoto wachanga, ambao walikuwa wakizikwa kila siku. Aliyevuka utoto aliweza kuzeeka kama mtu mwingine, akiwa na bahati. Lakini zitazame tena zile namba, kwa maana mimi zilinikosesha usingizi. Kibarua wa Rutland, mwenye viraka, asiye na kitu, 38. Bwana wa Liverpool, mwenye farasi na watumishi, 35. Yaani fedha zilimwongezea bwana umri kuliko kibarua wa mjini mwake, lakini hazikuweza kumnunulia hewa na maji ya Rutland. Umaskini ni kitu kimoja na uchafu wa mji ni kitu kingine, na yule kibarua wa Liverpool alibebeshwa vyote viwili. Mimi naona hapo ndipo palipo fundo la mambo haya yote. Watu hupenda kuuliza kama afya mbaya inaletwa na umaskini au inaletwa na uchafu, kana kwamba ni lazima mmoja awe mwizi na mwingine aachiliwe.

Tena utajiri wa nchi peke yake si dawa. Marekani kabla ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 ilikuwa ikitajirika mwaka baada ya mwaka, ilhali waliozaliwa katika miongo hiyo walikuwa wafupi kuliko waliowatangulia. Wasomi wanabishana hadi leo: ni miji iliyojaa, ni maradhi yaliyosafirishwa na mashua na reli, ni nyama na maziwa kupanda bei? Mimi si wa kuamua. Nalitaja tu ili mtu akisimama mbele yetu akasema uchumi umekua, tuwe na swali la kumwuliza.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonigusa kuliko yote, nalo ni la watumwa.

Mwaka 1807 Marekani ilipitisha sheria ya kupiga marufuku kuingiza watumwa kutoka nje, lakini kuwauza ndani ya nchi kuliendelea kama kawaida. Ili kuthibitisha kwamba watumwa waliomo melini hawakutoka ng'ambo, nahodha aliyewasafirisha pwani kwa pwani alitakiwa kuandika jina la kila mmoja, umri, jinsia, rangi na kimo. Karatasi hizo zilihifadhiwa. Zaidi ya miaka mia baadaye akaja Richard Steckel akazisoma. Alichokikuta ni kwamba watoto wa watumwa walikuwa wafupi mno, wadogo kuliko karibu watoto wote waliowahi kupimwa popote. Mama zao walirudishwa shambani mapema baada ya kujifungua, na watoto wakalishwa uji na vyakula vya unga visivyo na nguvu. Nyama haikuwa yao. Lakini, ajabu ya Musa, walipofika umri wa kuanza kazi shambani, vimo vyao vilianza kupanda mbio, na walipokuwa watu wazima walikuwa wamelipa sehemu kubwa ya lile deni, hata wakawapita wafanyakazi wengi wa Ulaya wa wakati ule.

Kwa nini? Kwa sababu sasa walipewa nyama. Bwana alikuwa akipiga hesabu: mtoto asiyefanya kazi ni hasara, mtu mzima wa jembe ni faida. Chakula kilifuata faida. Niliposoma hapo nilifunga zile karatasi nikatoka nje nikakaa chini ya mkorosho. Nitakueleza sababu baadaye kidogo.

Kabla ya hapo nitaje Wadachi tu, halafu tuje nyumbani. Leo hii Wadachi ndio watu warefu kabisa duniani, vijana wao wa kiume wanapita sentimita 180 kwa wastani. Katikati ya karne ya 19, makuruta wa jeshi lao walikuwa kama sentimita 165 hivi. Hawakubadilisha damu. Walibadilisha maziwa, maji, madaktari na mishahara, na ikawachukua vizazi kadhaa.

Haya, Kenya. Yule Moradi alichukua rekodi za makuruta wa KAR na jeshi lililofuata, akaziunganisha na vipimo vya raia vya miaka ya karibuni, akapata picha ya Wakenya waliozaliwa tangu mwaka 1880 hadi 1980. Hitimisho lake ni kwamba, pamoja na ubaya wa siasa za kikoloni na majanga yaliyotokea, mwisho wa hesabu vimo viliongezeka, maana yake lishe na afya zilipata nafuu katika miaka ile.

Kusema kweli nilikasirika. Nilimwendea mwalimu pale chumba cha walimu nikamwambia, "Mwalimu, kwa hiyo mkoloni alitufaa?"

Akacheka. "Kijana, karatasi imesema watu walirefuka. Haikusema nani wa kushukuriwa. Nenda uitazame inaanzia wapi."

Nikaenda nikatazama. Inaanzia 1880. Sasa waulize wazee wowote wa Kenya nzima, watakuambia miaka iliyofuata ilikuwa miaka gani. Sotoka ilifagia ng'ombe miaka ya 1890. Ukame ukaja, nzige wakaja, funza wakaja, ndui ikaja, na mwaka 1898 na 1899 njaa kubwa ikaua watu wasiohesabika. Aliyezaliwa wakati huo angekuaje? Ukianzia shimoni, kila hatua ni kupanda. Halafu kweli chanjo ya ndui ilikuja, na reli iliweza kubeba nafaka hadi penye njaa; sikatai, mtu mzima hakatai kilicho mbele ya macho yake. Lakini huwezi kumpa mtu sifa ya kukutoa shimoni bila kuuliza jinsi ulivyoingia humo, na kama wote walitolewa.

Kuna jambo jingine pia. Jeshi lilikuwa na kimo cha chini; mfupi alirudishwa mlangoni. Kwa hiyo rekodi za jeshi ni kama wavu wenye macho makubwa: ukiwahesabu samaki waliomo utadhani bahari haina dagaa. Wasomi hawa wanalijua hilo vizuri na wana hesabu zao za kulirekebisha. Mimi nalijua kwa njia nyingine. Baba yake babu alijiandikisha KAR mwaka 1942 na akafika Burma. Cheti chake cha kuachishwa jeshi babu anakihifadhi katika mkebe wa biskuti, na urefu ulioandikwa ni futi tano na inchi tano, yaani sentimita 165. Mdogo wake wa tumbo moja alikwenda naye siku ile ile akarudishwa kwa ufupi. Katika historia ya Kenya wa kwanza yumo na wa pili hayumo.

Na hapa ndipo ile hadithi ya damu inapoanza kuchechemea. Baba yake babu, 165. Babu mwenyewe, nilimpima kwa futi ya fundi cherehani akiwa amesimama wima kama mwanajeshi, 163, na umri umemla kidogo. Baba, 161. Mimi, 158, ingawa bado sijamaliza kukua, inshallah. Lakini binamu yangu wa Mombasa, ambaye baba yake na baba yangu walinyonya ziwa moja, tumepishana miezi miwili tu na yeye ni sentimita 169. Baba yake alipata kazi bandarini kabla binamu hajazaliwa. Kwao maji yako uani na maziwa yako mezani. Babu ni yule yule na ukoo ni ule ule, lakini kati yetu kuna sentimita 11. Ninajua watu wa familia moja hawathibitishi kitu, nimeshasema wastani wa watu wengi ndio unaosema kweli. Ila mtu akinitajia damu, mimi namtajia binamu.

Na hao watu wengi wapo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliwapima watoto wa chini ya miaka mitano nchi nzima. Kati ya kila watoto 100 wa Kenya, 18 walikuwa wamedumaa, yaani wafupi mno kwa umri wao. Mwaka 2014 walikuwa 26, kwa hiyo nchi inasonga mbele. Lakini Kilifi, kwetu, ni 37. Ndiyo kaunti iliyoongoza Kenya nzima. Pokot Magharibi 34, Samburu 31. Garissa ni 9 tu. Huwezi kusema ni ukame peke yake, maana Garissa ni kavu kutushinda. Ila kule kuna maziwa ya ngamia na ya mbuzi, na kwetu mtoto anaachishwa ziwa anaingia kwenye uji wa mahindi mtupu.

Wala usiseme kipimo ni cha Wazungu. Vile viwango vilivyochorwa kwenye kadi ya kliniki Shirika la Afya Duniani lilivitoa mwaka 2006, baada ya kuwapima watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani ambao walilishwa vyema na kutunzwa vyema. Wa Accra na wa Muscat na wa Oslo, wakipata haki yao, walikua karibu sawasawa. Miaka mitano ya mwanzo haijui bendera.

Wazee wetu walikuwa watu wa nafaka. Karne ya 19 Wagiriama walivuka mto Sabaki kwenda kaskazini, wakalima mahindi na mtama mpaka wakawa wanawauzia watu wa Malindi na Mambrui, na nafaka ikapakiwa majahazini. Serikali ya kikoloni ilipotaka vibarua kwa ajili ya mashamba ya Wazungu, iliwakosa, kwa kuwa mtu mwenye ghala lililojaa haendi kumlimia mwingine kwa rupia chache. Mekatilili wa Menza alisimama mwaka 1913. Mwaka 1914 Kaya Fungo ikalipuliwa kwa baruti, vijiji vikachomwa, faini ikatozwa, na watu wakaamriwa kuihama ile ardhi nzuri ya kaskazini ya mto. Mwaka 1918 ikaja njaa. Baadaye waliruhusiwa kurudi ng'ambo ile, lakini aliyefilisika hakurudi jinsi alivyoondoka. Ukoo wa nyanya yangu ulikuwa miongoni mwao. Sisemi kwamba sentimita zangu zilipotea mwaka 1914, hapana, kati ya hapo na sasa kuna mambo mengi, na ardhi isiyo na hati ni mojawapo. Lakini mtu akisema "ndivyo walivyo" ajue anazungumza juu ya watu waliokuwa wakiuza chakula.

Sasa nirudi kwa ile nyama ya watumwa na kile nilichokuwa nikikifikiria chini ya mkorosho.

Nina mdogo wangu wa mwisho, alizaliwa mwaka 2022, wakati wa ule ukame ambapo mvua zilikosa misimu mitano mfululizo. Maji mama alikuwa akiyafuata mwendo wa saa moja na nusu, mimba tumboni. Mwezi wa Agosti mdogo wangu alitimiza miaka mitatu. Nilimsimamisha kwenye fremu ya mlango nikapiga alama kwa penseli: sentimita 87.5. Kwenye kiwango, mvulana wa miaka mitatu akiwa chini ya 88.7 ndiye anayeitwa amedumaa. Wa katikati ni 96.

Kliniki muuguzi alikuwa ameshamwambia mama neno hilo, "amedumaa." Mama alirudi nyumbani kanyamaza siku mbili. Kwetu neno hilo hutukaniwa mhindi shambani, ule uliokosa mvua ukabaki goti. Yeye alilisikia kama ameambiwa hajui kulea. Nilijaribu kumweleza habari za Liverpool na Rutland na Wadachi, akaniangalia kwa huruma, akasema, "Baba, hao Wadachi wana kuku wangapi?"

Swali lake lilikuwa na akili kuliko maelezo yangu. Sisi tuna kuku tisa. Kwa wiki hupatikana mayai kama 12, na yai moja la kienyeji linauzwa shilingi 20. Hiyo ni shilingi 240 kwa wiki, na kwa muhula wa wiki 13 ni shilingi 3,120. Fedha hizo zote huletwa hapa shuleni kupunguza salio la karo yangu. Katika nyumba yetu mayai hayaliwi, yanasoma Kidato cha Tatu.

Umeona? Hakuna bwana kwetu, hakuna mjeledi, kuna mama anayetupenda sisi sote. Lakini hesabu inatuelekeza kule kule: chakula kinamfuata yule anayetarajiwa kuleta kitu, na asiyeweza bado kufanya lolote anabakiwa na uji. Mimi nimevaa hii sare kwa mayai ya mtoto wa miaka mitatu. Wataalamu husisitiza zile siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi mwaka wa pili, na hizo kwake zimekwisha. Walakini wale watoto wa Steckel walifidia walipopata cha kula, tena wakiwa wakubwa kuliko yeye. Mlango haujafungwa kabisa.

Nilimwomba mama amwachie mayai manne kwa wiki. Akanyamaza, akahesabu kwa vidole. "Hiyo ni elfu moja na arobaini kwa muhula. Utatumwa nyumbani kwa karo, kisha useme ni mimi."

"Sitasema, mama."

"Na ukitumwa?"

Hapo sikuwa na jibu. Baba aliyekuwa akishona wavu wa banda la kuku alisema bila kuinua kichwa, "Matatu." Mama akasema mawili. Tukabaki kwenye matatu, ambayo ni shilingi 780, na mimi nikaenda kwa jirani likizo hiyo hiyo kuangua nazi, nikapata 450. Zilizobaki bado natafuta. Ofisi ya karo inanijua kwa jina, na si lile la utani.

Mtoto wa umri wake hutazamiwa kuongeza sentimita mbili na ushei katika miezi minne. Tukifunga shule Novemba nitaanza na banda la kuku, kisha Desemba nimpime pale pale penye ile alama ya penseli.